Mnara wetu upige nyimbo tunazozijua? Njia nne za kengele, zikilinganishwa kwa kanisa la Malindi

Kuna kigango kimoja ng'ambo ya Mto Sabaki ambacho kengele yake ni ringi ya lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Katekista huigonga kwa kipande cha nondo, na watu huanza kutoka mashambani. Noti ni moja tu, na sijawahi kusikia mtu akiuliza inasema nini. Ringi hiyo imekuwa kichwani mwangu tangu vijana wa kwaya yetu hapa Malindi walipoleta ombi lao: mnara wa kanisa uwe unapiga nyimbo. Walitaka za Misa, na pia zile za redioni ambazo kila mtu mtaani anazijua. Walikuwa wameona kwenye simu minara ya ng'ambo ikifanya hivyo, wakauliza sisi tumekosa nini.

Walichokiona ni cha kweli. Aprili 2018, alipofariki Avicii, yule kijana wa muziki kutoka Uswidi, kengele za mnara wa Dom mjini Utrecht, Uholanzi, zilipiga nyimbo zake kutoka kwenye mnara wenye urefu wa mita 112. Miaka miwili kabla yake, alipofariki Prince, kengele 15 za jumba la jiji la Minneapolis, mji wake wa kuzaliwa, zilimuaga kwa nyimbo zake mwenyewe. Na katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wanafunzi hupanda ngazi 161 kwenda kupiga kengele 21, na wenzao huwapelekea maombi ya nyimbo. Huko kote kuna mtu anayepiga kwa mikono yake.

Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kwaya, kamati ya parokia ilinipa kazi ya kulinganisha njia na kuleta maoni. Nimeyaandika hapa kwa sababu najua si sisi peke yetu tunaolijadili hili. Ninawaandikia watu wenye kanisa la kawaida la pwani: kengele moja ya zamani, upepo wa chumvi, stima inayokatika, na msikiti ulio jirani.

Kwanza, kengele yenyewe inakubali nyimbo gani?

Hapa ndipo tulipopotea mwanzoni. Tulikuwa tunaongea kuhusu kengele kana kwamba ni kinanda kilichopandishwa juu. Kengele ina tabia yake, na usipoijua utatumia pesa za waumini kununua kitu kitakachowaudhi.

Ukigonga kengele moja ya kanisa, zinatoka sauti kadhaa kwa pamoja. Kuna moja nzito inayovuma oktava moja chini, yaani kama do ya chini kwa do ya juu. Kuna ile unayoitambua kuwa ndiyo noti ya kengele. Juu yake ziko nyingine, na mojawapo hukaa nusu-toni tatu juu ya noti kuu (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda). Kwa sisi tunaosoma solfa: ukigonga do, ndani ya do hiyo hiyo mna mi iliyoteremshwa nusu sauti, ile inayoufanya wimbo uwe wa majonzi. Ndiyo sababu kengele husikika kama ina huzuni hata siku ya harusi.

Sasa jaribu kupiga do, mi na so kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyofanya kila Jumapili. Mi ya kweli inagombana na ile mi iliyoteremshwa iliyomo ndani ya do, na sikio linachoka mara moja. Miaka ya 1980 huko Uholanzi walibuni umbo jipya la kengele lisilo na ugomvi huo, lakini kengele nyingi utakazozikuta sokoni ni zile za kawaida. Kwa hiyo wimbo wa mnarani ni heri upigwe noti moja moja, bila kuurundikia sauti nyingine chini yake. Na nyimbo za majonzi au za kutafakari hukaa vizuri kuliko za shangwe, jambo ambalo vijana wetu hawakulipenda nilipowaambia.

Tabia ya pili: kengele haizimiki. Kinanda cha nyuzi kina kitambaa kinachoikamata sauti ukiinua kidole. Kengele ya mnara haina. Ikishagongwa huvuma hadi ichoke yenyewe, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyochelewa kunyamaza. Wimbo wa bongo fleva wenye maneno kumi na tano ndani ya pumzi moja utageuka uji. Wimbo wa polepole, wenye noti ndefu na mapumziko, utasikika hadi ufukweni.

Niliwapa vijana jaribio dogo ambalo ningependa kila kamati ilifanye kabla ya kuzungumzia pesa. Chukua wimbo unaoutaka. Uimbe kwa la-la-la, taratibu, bila maneno, bila ngoma, bila makofi. Ikiwa aliyesimama nje ya mlango ameutambua kabla ya mstari wa pili kwisha, kengele inauweza. Walileta nyimbo kumi na mbili. Zilizopita zilikuwa nne, na tatu kati ya hizo ni za zamani kuliko wazazi wao. Nyimbo nyingi za siku hizi zinabebwa na maneno na mdundo. Ukiviondoa hivyo, mahadhi yanabaki noti tatu zinazojirudia.

Na taarabu? Mzee mmoja wa kamati aliuliza hilo kwa hamu, na ilinipa uchungu kumjibu. Ile taarabu inayofuata maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ina sauti zinazoingia kati ya noti zetu, robo ya toni hapa na pale. Mpiga fidla huteleza akaifikia sauti hiyo, na udi nao huifikia. Kengele imechongwa kiwandani kwa kukwanguliwa ndani mpaka noti ikae sawa, na chuma kikishatolewa hakirudishwi. Haiwezi kuteleza. Ukiilazimisha taarabu ya namna hiyo juu ya kengele, utakachosikia ni mzoga wake. Mahadhi ya pwani yasiyo na robo-toni yanawezekana, na yapo mengi mazuri.

Kariloni: itazame, usiiagize

Hicho ndicho chombo kilichowavutia vijana kwenye simu. Kariloni ni kengele zisizopungua 23, zimepangwa nusu-toni kwa nusu-toni, na mpigaji hukaa mbele ya safu ya vijiti vya mbao anavyovipiga kwa ngumi huku vingine akivikanyaga kwa miguu. Ndugu wawili, François na Pieter Hemony, ndio waliofanikiwa kwanza kuzilinganisha kengele za namna hiyo barabara, mwaka 1644, huko Zutphen, Uholanzi. Ubelgiji wana shule ya upigaji wake mjini Mechelen tangu 1922. Ile ya kanisa la Riverside, New York, ina kengele 74.

Ni chombo cha ajabu, na ni cha mji wenye fundi wake, mpigaji wake anayelipwa, na mnara uliojengwa kwa ajili yake. Sisi hatuna hata kimoja katika hivyo vitatu.

Nigusie pia zile video za Uingereza zenye watu wanaovuta kamba wamesimama duara. Kengele zao huzunguka mzunguko mzima, kila moja ikilia mara moja kwa sekunde mbili hivi, na wanachopiga ni mipangilio ya zamu. Upigaji huo hauchezi mahadhi kabisa. Mtu akikwambia anaweza kukupangia hivyo kwa ajili ya nyimbo, hajui anachouza.

Kengele chache zilizotulia

Njia hii ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi, kwa sababu inawezekana, na kwa sababu ina mitego.

Maana yake ni kengele nane hadi kumi na tatu zilizofungwa kwenye boriti bila kubembea. Kengele inatulia, ulimi wake ndio unaovutwa kwa kamba au kwa mkono wa chuma, au nyundo inaigonga kutoka nje. Tofauti hii ya kubembea na kutulia ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kengele inayobembea huusukuma mnara huku na huku kila inapolia, na mnara wa matumbawe na chokaa, au wa matofali ya saruji uliojengwa na mafundi wetu kwa ajili ya kengele moja, unaweza kuanza kupasuka. Kengele iliyotulia inaushukia mnara kwa uzito wake tu, kama tangi la maji.

Uzito wenyewe unapigiwa hesabu hivi: ukitaka kengele ya oktava moja chini kwa umbo lile lile, vipimo vyote vinazidishwa mara mbili na uzito mara nane. Tuseme kubwa yenu ni ya kilo 270. Ya oktava moja juu yake, kwa hesabu hiyo, ni kilo 34 hivi, ingawa mafundi wanaosubu kengele huziongezea ndogo unene ili zisimezwe na kubwa. Nane za do-re-mi zikikaa pamoja zinafika karibu tani moja, kabla hujaongeza boriti na chuma cha kuzishikilia. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulipwa awe mhandisi wa majengo, apande mnarani aseme unabeba nini. Muuza kengele baadaye.

Zinatosha ngapi? Nane hukupa do hadi do ya juu, na hapo nyimbo nyingi za kanisani zinaingia, hasa zile za kuitikizana ambazo hazipandi sana. Ukiongeza fa iliyopandishwa na ti iliyoteremshwa, zikawa kumi, milango mingi inafunguka, kwa kuwa unaweza kuhamisha wimbo kwenda ufunguo mwingine. Kumi na tatu hukamilisha oktava na nusu-toni zake zote. Kwa nyimbo za redioni, chini ya kumi utakuwa unakata noti za watu na kubandika nyingine mahali pake, na msikilizaji anajua.

Kuhusu chumvi. Kengele nzuri ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, takriban asilimia 78 hadi 80, na bati kwa sehemu iliyobaki. Hiyo haili kutu. Inageuka kijani kwa nje na kuendelea kulia. Kinacholiwa ni kila kitu kinachoizunguka: bolti, minyororo, ulimi, nyundo za umeme. Mtu anayeishi Casuarina au Mayungu anajua mabati yanadumu muda gani karibu na bahari. Agizeni chuma kisichoshika kutu kwa kila kilicho kidogo, na mtu awe anapanda na grisi kila baada ya miezi michache. Mkipewa kengele za feleji zilizotumika, kama zile zilizosubiwa kwa wingi Sheffield na Bochum karne ya 19 kwa bei ya chini kuliko za shaba, zikagueni mara mbili. Nazo hula kutu, na sauti yake ni kavu zaidi.

Kamba au umeme? Nyundo za umeme zinapiga wimbo wowote uliowekwa kwenye mashine, kwa usahihi, bila mtu. Kamba zinahitaji mtu anayejua wimbo. Mimi ningechukua kamba, na sababu yangu nitaieleza kwenye spika.

Kuna pia upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, sauti ya kengele yetu inasukumwa upande wa Mambrui na baharini, na waumini wanaokaa kusini mwa mji huniambia hawakuisikia. Kaskazi ikiingia kuelekea Desemba, mambo hugeuka. Kengele zaidi hazibadilishi hilo. Kinachosaidia ni madirisha ya mnara kuwa na mbao za mshazari, kama luva, zinazoielekeza sauti chini na kuipunguzia ukali kwa walio karibu.

Spika mnarani

Ni njia ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo wengi watakayoichagua, kwa hiyo niiseme kwa haki. Mashine ndogo ina sauti za kengele zilizorekodiwa, inaunganishwa na amplifaya, na spika nne za honi zinaelekezwa pande nne. Mnara hauongezewi uzito wa maana. Wimbo wowote unapigika, hata ule ambao kengele halisi ingeukataa. Sauti inapunguzwa kwa kitufe. Ikiharibika, fundi wa redio wa mjini anaweza kuitazama.

Lakini fikiria Malindi ilivyo sasa. Adhana inatoka kwa spika. Mhubiri wa mkutano wa injili anatoka kwa spika. Tuktuk ya matangazo ya siasa, duka la simu, hoteli usiku, disko matanga, vyote ni spika. Kengele ya shaba inasikika katikati ya vyote hivyo kwa sababu haifanani navyo. Ukiigeuza kuwa spika nyingine umeitoa mahali pake pa pekee, ukaitia kwenye kelele.

Na kuna jambo nililolishuhudia. Katika kanisa moja la pwani, ambalo nitaliacha bila jina, waliweka mashine ya namna hii na kuipangia saa. Stima ilipotea usiku, ikarudi, saa ya mashine ikawa imerudi nyuma, na hakuna aliyejua. Siku ya pili yake tulikuwa makaburini nyuma ya kanisa tunamzika mama wa watu. Jeneza likiwa linashushwa, mnara ukaanza kupiga wimbo wa Krismasi, kwa sauti ya juu, beti zote nne. Mlinzi alikimbia kutafuta ufunguo wa chumba cha mashine. Watoto wa marehemu walisimama pale wakiusikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mtu mwenye kamba mkononi angeona jeneza.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuchagua kamba. Betri ya kulinda saa ya mashine ipo na si ghali, na atakayenunua spika aiweke bila kujadili. Bado ningependa mnara wetu uwe na mtu anayeangalia chini kabla ya kupiga.

Kengele za mkono

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, shajara ya safari ile inataja zawadi alizompelekea mfalme wa hapa: joho, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, vitambaa, na kengele ndogo. Mfalme alipokuja baharini kuonana naye alikuja na wanamuziki wake, wakiwamo wapiga siwa wawili, siwa za pembe ya ndovu zilizonakishiwa, zenye urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Kwa hiyo kengele za kushikwa mkononi zimefika mji huu miaka mia tano na zaidi kabla ya kamati yetu, na zilikuta muziki tayari upo.

Za leo ni vyombo vingine. Kila kengele ina mpini, ulimi wake unakwenda mbele na nyuma tu, na mpigaji huizima kwa kidole gumba au kwa kuigusisha begani. Seti ya oktava mbili ina kengele 25, na wapigaji wanane hadi kumi na wawili wanagawana, kila mmoja akiwa na noti zake mbili tatu. Zimechongwa kiasi kwamba ile mi ya huzuni iliyomo kwenye kengele za mnara haisikiki. Maana yake, mambo mawili yaliyotushinda juu ya mnara, yaani sauti isiyozimika na noti za pamoja zinazogombana, hapa hayapo. Wimbo wa shangwe unapigwa ukabaki wa shangwe. Wimbo wa haraka kiasi unawezekana.

Kasoro yake ni wazi: muziki wake hausikiki mitaa ya Barani wala Maweni. Unasikika kanisani, uani, na kwenye kibaraza. Tena jasho la mikono katika joto letu huila shaba hiyo, kwa hiyo kila mpigaji avae glavu, na kengele zifutwe kabla ya kurudi sandukuni. Mtu mmoja asipokuja mazoezini, noti zake hazipo, na wimbo unatoboka. Nimefundisha kwaya miaka mingi na ninaona hilo la mwisho kuwa faida. Besi aliyekosekana hufichwa na wenzake. Mwenye fa na so akikosekana hafichiki, na kwa hiyo atakuja.

Wakipigiwa kayamba na ngoma moja ndogo nyuma yao, sioni wimbo wa kwetu ambao vijana hawa hawataufikia.

Nyimbo gani zipande mnarani, na saa ngapi

Hapa sina msimamo wa katikati. Kengele kubwa iliyopo isiingizwe kwenye nyimbo kamwe. Hiyo ndiyo inayoita Misa, inayolia kwa sala ya Malaika wa Bwana alfajiri, adhuhuri na jioni, na inayotangaza msiba kwa mapigo yaliyoachana. Mama anayechuuza viazi karai barabarani huacha mikono ikasimama akihesabu mapigo, ajue kama kuna aliyefariki. Siku ambayo kengele hiyo itakuwa do ya wimbo fulani, hatahesabu tena. Mkinunua nyingine, nyingine hizo ndizo ziimbe.

Kule Mombasa kuna mahali paitwapo Kengeleni kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makao waliyojengewa watumwa waliokombolewa miaka ya 1870. Ililia kuwaonya watu hatari inapokaribia. Leo makondakta wa matatu wanalitaja jina hilo mchana kutwa. Kengele yenye kazi moja inayojulikana hukaa vinywani mwa watu namna hiyo.

Wimbo wa redioni je? Ningeuruhusu, nje ya ibada, kwa sharti kwamba maneno yake yakikumbukwa na msikilizaji yasimwaibishe mbele ya mlango wa kanisa. Watu wanaposikia mahadhi, maneno huja yenyewe kichwani. Nyimbo za mapenzi ya heshima, za nchi, za kumsifu mama, za kuwakaribisha wageni, sioni tatizo. Muulizeni paroko kila wimbo, mmoja mmoja. Kumbukeni pia kwamba sheria ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kupiga wimbo wake hadharani kunahitaji kibali hata kama hakuna anayeimba neno. Nyimbo za kanisa za karne zilizopita na zile za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana hazina mzigo huo.

Kuhusu saa, nilipiga hesabu na sheikh jirani yetu, naye alinisaidia kwa moyo mweupe. Machweo ya Malindi yanahama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache, mwezi wa Novemba, na karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, Februari. Wimbo wa dakika kumi baada ya kengele ya saa kumi na mbili jioni ungeikuta adhana ya Magharibi katika miezi fulani. Adhuhuri nayo ina mgongano wake. Saa iliyo wazi mwaka mzima ni saa kumi na moja jioni, Alasiri imekwisha na Magharibi bado. Mara moja kwa wiki, Jumamosi, dakika kumi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu mchana kuwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na viwango vya usiku ni vikali zaidi, kwa hiyo muziki wa mnarani baada ya saa mbili usiku msiufikirie hata mkesha wa Krismasi.

Maoni niliyoyapeleka kwa kamati

Anzeni na kengele za mkono, seti ya oktava mbili, na vijana walewale walioleta ombi. Wapeni miaka miwili. Wakiwa bado wanakuja mazoezini, mtakuwa na watu kumi wanaojua kushika noti na kuhesabu mapumziko, na hao ndio watakaopanda mnarani. Wakiwa wametawanyika, mtakuwa mmejiepusha na tani moja ya shaba isiyo na mpigaji. Baada ya hapo, na mhandisi akiridhia, nunueni kengele kumi zilizotulia, za kamba, na ile kubwa iachwe peke yake.

Kwa kigango, bakini na ringi yenu hadi mpate kengele moja ya shaba, na ikipatikana itundikwe palepale mwembeni. Kwa ndugu zetu wa Lamu nasema tofauti kidogo. Mji wa kale una vichochoro vyembamba na hauna magari, na sauti ndogo husafiri mbali. Majirani karibu wote ni Waislamu. Huko kengele za mkono ndani ya kanisa zinatosha kabisa, na mnara uachiwe mwito wake mfupi wa Misa.

Kwa anayelazimika kuchukua spika kwa sababu ya bei, ziwe mbili, zielekezwe uani, saa ya mashine iwe na betri, na ufunguo wa chumba ukae kwa mtu asiyetoka kanisani kukiwa na mazishi.

Kabla ya kulipa chochote tumekubaliana tufanye jambo moja, Jumamosi ijayo, kusi ikiwa inavuma. Kijana mmoja atabaki mnarani aipige kengele iliyopo, pigo moja kila dakika, kwa dakika ishirini kuanzia saa kumi na moja. Wengine watasimama Maweni, Barani, Muyeye, sokoni, na ufukweni karibu na nguzo ya Vasco da Gama, kila mmoja na daftari, aandike pigo gani alilisikia na lipi lilipotea kwenye pikipiki. Mimi nitakuwa barazani kwa sheikh, kwa ruhusa yake, nikisikiliza kutoka upande wa pili wa barabara.